Kompyuta ya famasi imeungua, na bakapu yetu inaishia Februari

Mshauri wetu, habari za kazi.

Mimi na mume wangu tuna famasi ya jumla na rejareja hapa Mwanza, pamoja na tawi dogo Igoma. Mbali na wateja wa dirishani, tunauzia zahanati binafsi za Magu, Sengerema na Ukerewe. Nyingi huchukua mzigo kwa mkopo na kulipa mwisho wa mwezi.

Mwezi uliopita, usiku wa mvua ya radi, umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Asubuhi kompyuta inayobeba mfumo wetu wa mauzo na stoo haikuwaka, na chumba kizima kilinuka kuungua. Kusema kweli sikushtuka sana. Kila Jumamosi kijana wetu wa kompyuta anafanya bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, kwenye diski ya nje, na mimi mwenyewe ndiye ninayekwenda nayo nyumbani. Tukaazima kompyuta, tukachomeka diski. Mafolda yapo yote, kila Jumamosi na tarehe yake. Lakini tulipofungua mfumo, mauzo ya mwisho yalikuwa ya Februari. Karibu miezi saba haipo: madeni ya zahanati, namba za bechi, tarehe za dawa kuisha muda, hata bei mpya.

Waliotuuzia mfumo ndio waliotufumbua macho. Februari walituwekea toleo jipya, na toleo hilo linaweka data mahali pengine kabisa ndani ya kompyuta. Kijana hakuambiwa. Akaendelea kunakili folda ile ya zamani wiki baada ya wiki.

Sasa nyumbani hakukaliki. Mume wangu anasema turudi kwenye madaftari, kompyuta zimetutia hasara. Shemeji, ambaye ana hisa kwenye biashara, anataka kijana akatwe mshahara na kufukuzwa. Kampuni ya mfumo imeleta makadirio ya seva mpya ya shilingi milioni 18 na ada ya kila mwezi ya kuhifadhi data mtandaoni, na wanatuhakikishia kuwa tukilipa shida hii haitatokea tena. Fundi wa mtaani naye anasema kompyuta iliyoungua inataka pawa saplai tu. Ataibadilisha na kupiga Windows upya, kazi ya siku moja. Juu ya hayo yote, hospitali moja tunayoiuzia dawa imetuandikia kwamba mkataba wa mwakani hautasainiwa mpaka tuwape kwa maandishi mpango wetu wa kurejesha mifumo baada ya janga. Sijui hata unaanzia wapi.

Nishauri, tafadhali. Nimsikilize nani?

Mama wa Famasi, Mwanza

Jibu

Dada, pole sana, wewe na wa nyumbani kwako. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mpigie huyo fundi umwambie asiiguse kompyuta. Huenda ni kweli kwamba kilichoungua ni pawa saplai peke yake, maana ndiyo inayopokea kishindo cha umeme kwanza, na mara nyingi diski ya ndani hubaki salama. Kwa hiyo data yako ya miezi saba huenda bado ipo. Kitakachoiua ni hiyo kazi ya siku moja. Kupiga Windows upya ni kuandika juu ya diski, na data ikishaandikiwa juu hakuna mtaalamu atakayeirudisha.

Mwambie aitoe diski tu. Iunganishwe kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB kama diski ya nje, isitumike kuwashia mashine. Ikisomeka, msianze kufungua mafaili kwa pupa. Kwanza inakiliwe nzima nzima, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, kwenye diski nyingine yenye nafasi, kisha kazi yote ifanyike kwenye hiyo nakala. Waliowauzia mfumo wanajua toleo la Februari linaweka data folda gani. Wawaandikie jina la folda hiyo leo, na wasiwatoze hata senti, kwa sababu wao ndio walioihamisha bila kusema. Windows ikidai ufunguo wa kufungulia diski, jua ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Ufunguo wake mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku kompyuta ilipoandaliwa, basi mtafuteni aliyeiandaa.

Diski isiposomeka, au ikitoa mlio wa kugonga-gonga, izimwe papo hapo. Kila ukiiwasha ili kujaribu tena unazidi kuiumiza. Na mtu asikwambie kuwa atanunua diski ya aina ileile abadilishe bodi, mambo yaishe. Bodi za diski nyingi za siku hizi zina chipu yenye maelezo ya diski hiyo moja tu, na bila kuhamisha maelezo hayo bodi ngeni haifai kitu. Diski ya namna hiyo ipelekwe kwa watu ambao kazi yao ni kurejesha data, Dar es Salaam au Nairobi. Muandikiane kabla hawajaifungua: gharama ni kiasi gani, data isipopatikana mnalipa nini, na kwamba hawataitoa kwa mtu mwingine. Humo mna majina ya wagonjwa na dawa wanazotumia. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti, na wajibu wa kuzilinda unabaki kwenu hata mashine ikiwa mezani kwa fundi.

Hayo yakiendelea, anzeni kuijenga upya data kana kwamba diski haitapona. Kumbuka kuwa sehemu kubwa ya mliyopoteza ipo mikononi mwa wengine. Wauzaji wenu wa jumla wana kila ankara waliyowakatia, na wengi huandika namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda kwenye ankara hiyo. Waombeni taarifa ya akaunti yenu tangu Februari. Mauzo yaliyopita kwenye mashine ya EFD yalitumwa TRA, na ripoti za Z za kila siku zitawapa jumla za kulinganishia. Benki na kampuni za simu watawatolea taarifa ya miamala ya akaunti na ya lipa namba. Wanaobeba mzigo kwenda Ukerewe nao huandika kwenye madaftari yao maboksi mangapi yalipanda kivuko na yalikuwa ya nani. Usidharau madaftari hayo.

Stoo ihesabiwe kwa mkono. Msianze na rafu ya kwanza mlangoni. Anzeni na dawa ambazo kosa lake linaumiza mtu: zilizo kwenye friji, zinazodhibitiwa, na zinazokaribia kuisha muda. Kila boksi liandikwe jina, nguvu ya dawa, bechi na tarehe. Najua inachosha. Lakini fikiria kesho TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, itangaze kuondoa sokoni bechi fulani ya dawa. Famasi yenye orodha hupiga simu kwa zahanati tatu na dawa inarudi. Ninyi kwa sasa hamwezi kusema bechi hiyo ilikwenda Magu au Ukerewe. Hilo ndilo ninalolihofia kwenye barua yako kuliko madeni, na ndiyo sababu karatasi za zahanati za kupokelea mzigo mnazihitaji hata kwa wale waliokwisha kulipa.

Kuhusu madeni, waambieni wateja ukweli. Nimeona wafanyabiashara wanaojaribu kujifanya bado wana kumbukumbu, wakamtajia mteja tarakimu ya kukisia. Mteja akaikataa, na tangu siku hiyo akawa anazikataa na zile za kweli. Andika ujumbe mfupi, usainiwe na wewe au mumeo, usitumwe na karani: "Usiku wa tarehe fulani mfumo wetu uliharibika kwa hitilafu ya umeme. Tunarekebisha hesabu tangu Februari. Tunaomba picha za karatasi zenu za kupokelea mzigo na za malipo mliyofanya, pamoja na salio mnaloliona upande wenu." Atakayeleta salio dogo kuliko unalolikumbuka, usimwite mwizi. Mwekee karatasi za msambazaji na daftari la mbeba mizigo mezani, mhesabu pamoja.

Sasa nije kwa wale wanaovutana.

Mumeo ana haki kwa nusu. Daftari linapaswa kuwepo, kwa kazi ya saa chache ambazo mfumo umelala. Pale dirishani kuwe na kitabu chenye namba zilizochapwa tangu kiwandani na nafasi ya kuandika bechi, karani ajue kukitumia, na mfumo ukirudi mauzo yaingizwe siku hiyo hiyo kwa kufuata namba hizo ili isirukwe hata moja. Ila kuifanya karatasi ndiyo kumbukumbu pekee ni kurudi kwenye hatari ileile. Usiku wa 10 Julai 2021 moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo, na moto hauchagui kati ya daftari na kompyuta. Daftari la madeni lipo moja. Likiungua, likilowa au likiibwa, hakuna nakala yake nyumbani.

Shemeji naye namwomba atulie, asome kisa hiki. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, ambayo wanaprogramu wa dunia nzima huhifadhi kazi zao kwake, ilipoteza data yake. Mhandisi mmoja aliyekuwa akihangaika na tatizo mpaka usiku alifuta folda kwenye seva isiyo yenyewe. Walipokimbilia bakapu hawakukuta kitu. Programu iliyokuwa ikinakili ilikuwa ya toleo tofauti na toleo la hifadhidata, kwa hiyo kila mara ilikuwa inashindwa, na barua pepe za kutoa taarifa kwamba imeshindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Walikuwa na njia tano za kujilinda, na siku ile karibu zote zikawaangusha. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Baadaye waliyaandika hayo yote hadharani, hatua kwa hatua, na watu wa kazi hiyo wanajifunza kwayo mpaka leo.

Toleo kubadilika na bakapu kubaki nyuma: ndicho kilichomkuta kijana wenu. Kama kilikikuta kiwanda kizima cha wataalamu, haishangazi kuwa kilimkuta kijana mmoja ambaye hakuambiwa kuwa data imehamishwa. Mkimfukuza leo, mnamfukuza mtu pekee anayejua mashine zenu zimepangwaje, katikati ya kazi ya kuzirejesha. Na mshahara haukatwi kwa hasira ya wenye hisa. Sheria za kazi zina utaratibu wake. Mkalisheni chini, aeleze kila anachokijua, na iandikwe.

Nikuombe pia ufanye jambo moja nawe mwenyewe, kwa macho yako. Chomeka ile diski ya nje, bofya kulia folda ya Jumamosi ya mwisho wa Februari, tazama ukubwa wake. Kisha fanya hivyo kwa folda ya Aprili, ya Juni, ya mwezi uliopita. Nina uhakika utakuta tarakimu ni ileile, au karibu sana. Duka linalouza kila siku data yake inanenepa kila siku. Bakapu ambayo haikui haibebi kitu kipya, na hilo huhitaji kusomea kompyuta ili kuliona. Kuanzia sasa, kabla hujaondoka nayo Jumamosi, andika ukubwa huo kwenye kalenda ya ukutani.

Kampuni ya mfumo nimewaacha wa mwisho kwa sababu ndio wanaoomba fedha. Msilipe bado. Shida yenu haikutokana na seva kuwa ndogo. Seva ya milioni 18 ikiwekwa chumba kilekile, kwenye umeme uleule, na bakapu ikanakili folda isiyo yenyewe, itawaletea barua kama hii. Ahadi ya kwamba shida haitatokea tena hakuna mtu mwaminifu anayeweza kuitoa. Waulizeni: data yetu itakuwa kwenye jengo gani na nakala yake jengo gani? Usiku wa 10 Machi 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto na jengo moja likateketea kabisa. Kuna wateja waliokuwa wamelipia hifadhi ya mtandaoni wakiamini wako salama, kumbe data na nakala yake vyote vilikuwa eneo lile lile. Waulizeni pia: tukifuta kitu kwa bahati mbaya leo na kugundua baada ya wiki sita, mnayo nakala ya kabla ya kosa? Kuna huduma nyingi zinazolinganisha folda ya kompyuta na folda ya mtandaoni kila dakika, watu wakaziita bakapu. Ukifuta huku, zinafuta na kule. Virusi vya kudai fedha vikifunga mafaili huku, mafaili yaliyofungwa ndiyo yanayopanda juu. Nakala inayofaa ni ile inayotunza matoleo ya nyuma.

Waulizeni na hili: intaneti ikikatika, tunauza? Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania na nchi jirani ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Mfumo unaokaa mtandaoni peke yake ungefunga dirisha lenu siku hizo, wakati mgonjwa amesimama hapo na karatasi ya daktari mkononi.

Ningekuwa mimi, ningenunua kompyuta ya kawaida iliyo imara na kuiwekea UPS nzuri, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ningemwita fundi umeme akague waya wa ethi wa jengo, na kuweka kifaa cha kuzuia umeme unaorudi kwa kishindo, kama kile mlichoweka kwenye friji ya insulini, ikiwa mmekiweka. Radi haipiti njia ya umeme peke yake. Hupita hata kwenye waya wa intaneti ikaingia kwenye ruta na kutoka kwenye kompyuta, hivyo usiku wa radi na huo uchomolewe. Kisha bakapu ya usiku iende yenyewe mtandaoni ikiwa imefungwa kwa nywila, na diski za nje ziwe mbili zinazopokezana, moja ikiwa dukani, nyingine nyumbani kwako. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliuweka utaratibu huu kwa namna inayokumbukika: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae mbali na jengo. Ninyi mlikuwa na diski mbali na jengo, jambo ambalo wengi hawana. Sifa hiyo mnastahili.

Usikubali mtu akwambie kuwa diski ya kuchomoa imepitwa na wakati. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya ilienea kutoka Ukraine kupitia programu ya uhasibu, ikaipiga Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake tunayaona Mombasa na Dar es Salaam. Kompyuta zao zinazotunza orodha ya watumiaji wote na haki zao za kuingia zilikuwa nyingi, zimesambaa dunia nzima, na kila moja ilikuwa nakala ya nyingine. Kwa kuwa zote zilikuwa zimeunganishwa, zote zilifutika kwa mkupuo. Ikapatikana moja tu, ofisi ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kule, mashine ikawa nje ya mtandao wakati wenzake wanafutwa. Maofisa wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, ikabidi mmoja wao apande ndege na diski hadi Nigeria, amkabidhi mwenzake uwanjani aipeleke London. Kutoka hapo waliweza kuwasha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10, na hasara yao walisema ilikuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na nakala iliyokuwa imechomoka. Kwa hiyo ile diski ya nje ikimaliza kunakili ichomolewe. Isikae ndani ya kompyuta wiki nzima.

Mpango ambao hospitali inautaka unaanza kwa maswali mawili, na wa kuyajibu ni wewe na mumeo, siyo mtu wa kompyuta. La kwanza: kila kazi ya duka inaweza kusimama kwa muda gani kabla hatujaumia? Kuuza dirishani labda saa moja, kwa sababu kitabu kipo. Kujua bechi fulani ilikwenda kwa nani, siku moja. Mishahara, wiki. Majibu hayo ndiyo yanayowapa orodha ya kipi kirudi kwanza, ili siku ya msiba watu watano wasimwite kijana kwa mambo matano. La pili: tunaweza kukubali kupoteza kazi ya muda gani? Bakapu ya Jumamosi maana yake mlikuwa mmekubali, bila kujua, kupoteza hadi wiki nzima. Mkisema siku moja ndiyo mwisho, basi bakapu ni ya kila usiku. Mkisema saa mbili, gharama inapanda. Hapo ndipo mnapojua mnanunua nini na kwa nini, na makadirio ya milioni 18 mtayasoma kwa macho mengine.

Baada ya hapo ziandikwe kurasa mbili kwa Kiswahili ambacho karani mpya anakielewa. Nani anatangaza kuwa mfumo umeanguka na tunahamia kitabuni. Nani anapigiwa simu, na namba zao, zikiwa zimechapwa, maana namba zilizo ndani ya kompyuta iliyoungua hazimsaidii mtu. Nakala ziko wapi. Leseni ya mfumo ni ya namba gani. Friji inahamishiwa wapi umeme ukichelewa, kwa kuwa insulini na chanjo zinataka nyuzi 2 hadi 8. Na nywila ziko kwa nani. Hapa tazama kwa makini: akaunti ya hifadhi ya mtandaoni imefunguliwa kwa barua pepe ya nani, na ile namba ya siri ya kuthibitisha inaingia kwenye laini ya simu ya nani? Biashara nyingi jibu ni la kijana wa kompyuta, kwa yote mawili. Siku akihama, au simu yake ikiibiwa, nakala ipo na hakuna anayeweza kuifikia. Fungueni barua pepe ya biashara, nunueni laini ya biashara, nywila ziandikwe ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae na hati zenu nyingine muhimu.

Kilichobaki ndicho kilichokosekana tangu mwanzo, nacho ni kujaribu. Kila mwezi chagueni asubuhi moja isiyo na wateja wengi. Mtu ambaye siye aliyefanya bakapu achukue diski, na kompyuta nyingine isiyo na kitu, aurejeshe mfumo kwa kufuata zile kurasa mbili bila kumuuliza kijana. Ukifunguka, atafute ankara tatu ambazo mnazo kwa karatasi: ya mwezi uliopita, ya wiki iliyopita, na ya siku ya mwisho kabla ya bakapu. Jina, bechi, kiasi, salio la mteja, vyote vilingane. Iandikwe tarehe, ilichukua muda gani, na alikwama wapi. Mara ya kwanza atakwama, huenda hata sehemu zaidi ya moja. Karatasi irekebishwe palepale alipokwama. Na mfumo ukiwekewa toleo jipya, kompyuta ikibadilishwa au hata folda ikihamishwa, jaribio lifanyike wiki hiyo hiyo bila kungoja zamu yake. Hilo liwekwe pia kwenye mkataba na kampuni ya mfumo: hawasasishi kitu bila kuwaandikia kilichobadilika na bila kurejesha bakapu moja mbele yenu.

Kwa hospitali, msinunue mpango uliochapwa wa kurasa 40. Wapelekeeni kurasa zenu mbili, majibu ya yale maswali mawili, na karatasi ya jaribio la kwanza pamoja na kasoro zilizoonekana na zilivyorekebishwa. Kama tarehe yao ya mwisho iko karibu, waombeni wiki chache ili jaribio lifanyike kwanza. Wa kulifanya namteua shemeji. Ana hisa, ana uchungu na mali, na kompyuta hizo si zake za kila siku, kwa hiyo akiweza yeye kuurudisha mfumo kwa kusoma karatasi, karani yeyote ataweza.